Mkanda wa Kuluthumu

"Mama Damas, hivi mtu akishaingia kwenye ule mkanda wa kamera, anakaa humo muda gani kabla hajafutika?"

Mwamvita aliuliza hivyo asubuhi moja, ungo mkononi, anapepeta mchele. Getruda alikuwa upande wa pili wa ua wa mabua, anabana picha mbichi kwenye kamba zipate kukauka. Hakugeuka. Aliona ni maneno tu ya kusukuma asubuhi, kama jirani anavyouliza kama mvua za huko Tura zimeshaanza.

"Hata miaka," alijibu. "Ukiutunza."

"Kuutunza vipi?"

"Usipigwe na jua. Usifunguliwe. Basi."

"Aa," alisema Mwamvita, na ungo ukaendelea kulia.

Laiti angegeuka siku ile akamtazama mwenzake usoni. Lakini picha zilikuwa nyingi, na upepo wa Tabora miezi ile una vumbi. Ukichelewa kidogo tu, bwana harusi anakauka na mchanga shavuni. Neno likapita, likasahaulika.

Nyumba zao zilipakana pale mtaa wa Cheyo, kando ya njia ya zamani iliyokuwa ikipitisha misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji. Bibi yake Mwamvita aliletwa na njia hiyo akiwa mtoto wa mgongoni, na ukoo wao ukabaki kuwa wa mjini tangu hapo, Waislamu, mafundi na wachuuzi. Getruda alitoka karibu tu, Ipuli, na sanduku lake la bati na rozari ya mama yake, siku alipoolewa na Ambrosi mpiga picha.

Ambrosi alijifunza kazi kwa Mgoa mmoja aliyekuwa na duka la picha karibu na stesheni. Mgoa alipofunga akarudi kwao, alimwachia kamera ya miguu mitatu, taa nyekundu na mabakuli. Tangu hapo Ambrosi alipiga, Getruda akasafisha. Stoo ya nyuma waliifanya chumba cha giza, wakaziba mianya yote kwa blanketi nyeusi za jeshi. Saa ya kupimia dawa hawakuwa nayo, wakatumia walichokuwa nacho. Getruda alisali rozari humo ndani. Dawa fulani ilitaka tendo moja, Baba Yetu na Salamu Maria kumi, bila kukimbiza maneno. Dawa nyingine ilitaka matendo manne. Ambrosi alisema hajaona saa ya Mzungu iliyo sawasawa kama mdomo wa mke wake.

Kisha Ambrosi akashikwa na kifua, akafa, na Getruda akabaki na kamera na mabakuli, na mwana mmoja, Damas, aliyekuwa seminari. Wiki zote za msiba Mwamvita alilala kwenye mkeka sebuleni kwake. Alipika, alifua, alipokea wageni wa Kikristo akawaonyesha pa kukaa kana kwamba na yeye alibatizwa. Mtu mmoja alipobisha hodi kuulizia picha zake za harusi, Mwamvita alimfuata hadi mlangoni. "Baba, aliyekupiga picha yuko kaburini tangu juzi. Wewe na mkeo mnaonana kila siku. Hamwezi kungoja?" Yule mtu akaomba radhi na kofia yake mkononi.

Getruda hakuusahau wema ule. Kila asubuhi katika misa, alipomtaja Ambrosi, alimtaja na Mwamvita.

Mwamvita alikuwa mwosha maiti. Nusu ya wanawake wa Kiislamu waliofia Cheyo katika miaka ile walipita mikononi mwake. Watu walimwita kwa sababu alikuwa na mikono ya taratibu, na hakuzungumza nje aliyoyaona ndani. Maji yake yalikuwa ya vuguvugu, hata kukiwa na jua la kupasua mawe. Alimgeuza maiti kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, asimwamshe.

Mtoto wake mwenyewe hakumwosha. Kuluthumu, binti yake wa pekee, aliolewa Tura na Twalibu, mwenye duka dogo karibu na reli. Alifia uzazini, na kichanga hakikupona. Habari ilimfikia Mwamvita kwa mdomo wa mlinzi wa treni, naye akapanda treni iliyofuata. Aliposhuka Tura, walikuwa wamekwisha kuzika. Dini inataka haraka, na jua la Tura lina haraka yake. Mwanamke mwingine ndiye aliyemwosha, mtu mzuri, kila mtu alisema. Mwamvita alimshukuru, akampa mkono, akarudi Cheyo. Watu wa mtaani hawakujua tena wamwiteje. Getruda alipojaribu kumwita Mama Kuluthumu kama zamani, aliona jinsi mwenzake alivyofumba macho, akaacha, akawa anamwita dada.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Malkia atawazwe, kwa maana picha yake mpya ilikuwa imeshaning'inizwa bomani na posta.

Kazi zilikuwepo. Wafanyakazi wa reli walitaka picha za vitambulisho, tena walizitaka siku hiyohiyo, na kwa hao Getruda alitumia dawa kali. Dawa kali iliutoa uso upesi, tendo moja tu la rozari, lakini iliutoa kwa nguvu: mikunjo yote, chembechembe kama mchanga wa mto, macho ya mtu aliyefumaniwa. Mchochea moto mmoja wa treni, Msukuma aitwaye Jilala, alikuja kuchukua yake, akaishika mbali kwa mkono ulionyooka.

"Mama, huyu ni mimi au ni mtu anayetafutwa na polisi?"

"Ni wewe. Dawa haiongezi kitu."

"Mchumba wangu akiiona hii, baba yake atanirudishia ng'ombe."

"Afadhali ng'ombe wakurudie, Jilala. Ninyi Wasukuma mnaoa kwa ng'ombe, kisha mnakaa kuwaza ng'ombe mliowatoa."

"Haya, mtani. Nikifa usinipige kwa dawa hii. Nitaogofya malaika."

Aliondoka anacheka, na Getruda naye alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Dawa ya pili aliiita pole. Hiyo ilikuwa ya maharusi, ya watoto wa komunio, ya akina mama waliotaka kuonekana kama walivyojiona wenyewe. Ilifanya kazi polepole, matendo manne, na ngozi ilitoka laini kama mafuta yaliyopakwa. Ilikuwa adimu. Kwenye kabati ilibaki pakiti moja, na Getruda alikuwa anaiwekea harusi za baada ya Pasaka.

Siku Mwamvita alipokuja, ilikuwa mchana, baada ya sala yao ya adhuhuri. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Chini ya khanga alikuwa amebeba kitu cha pembe nne.

"Karibu, dada. Mbona hodi kama mgeni?"

"Leo nimekuja kwa kazi." Alikaa kwenye kiti cha wateja, hakukaa kwenye mkeka kama kawaida yake. Akafungua khanga. Ilikuwa kamera ya kisanduku, ya zile za bei nafuu, ngozi yake imebanduka pembeni. "Ya Twalibu. Aliileta pamoja na vyombo vya marehemu. Alisema alimpiga Kuluthumu humo, mwezi ule kabla ya kujifungua. Mkanda haujatolewa."

Getruda aliipokea kwa mikono miwili. "Ilikuwa wapi siku zote?"

"Sandukuni. Juu ya dari, chini ya bati. Hapakuwa na jua hata kidogo. Si ulisema usipigwe na jua?"

Chini ya bati, miaka miwili, na joto la Oktoba mara mbili. Ndipo lile swali la ungo na mchele lilipomrudia Getruda, pamoja na jibu lake jepesi lisilotaja joto. Naye akaketi.

"Dada, kwa nini hukuuleta mapema?"

Mwamvita aliitazama kamera. "Mkanda ulipokuwa humo, nilijua yumo. Ukitolewa, sijui itakuwaje. Nikawa nasema, mwezi ujao. Sasa jana nimekaa nimkumbuke pua yake, ikaja pua ya marehemu dada yangu. Nikamkumbuka mdomo, ukaja wa mtu simjui. Mama Damas, mwanangu ananitoka. Shekhe hapendi picha ukutani, na mimi sitaki ya ukutani. Nataka ya sandukuni, ambayo nitaitazama mimi peke yangu. Nyingine sina. Hakuwahi kupigwa picha kabla ya hapo."

"Nimeelewa."

"Utamtoa?"

"Ngoja nikwambie ukweli wa mkanda wenyewe," alisema Getruda, akatafuta maneno. "Mkanda ukikaa sana kwenye joto, unaingia ukungu. Ukungu unakaa ndani pamoja na mtu. Ukiutia kwenye dawa, wote wawili wanaamka. Marehemu mume wangu alikuwa na njia yake. Mkanda mzee alikata kipande kidogo mwishoni, akakijaribu kwanza. Akiona kimekubali, ndipo anautia uliobaki. Na dawa alitumia kali, maji ya baridi kabisa, na chumvi kidogo ya kuzuia ukungu. Alisema, kali, baridi, haraka, mtu atoke kabla ukungu haujashtuka."

Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Kukata?"

"Kipande tu. Picha moja, tena ile ya mwisho."

"Na katika hiyo ya mwisho atakuwamo nani?"

Getruda aliifuta kamera vumbi kwa kiganja.

"Mimi nimeosha watu wengi," alisema Mwamvita. "Wengine uliwajua. Sijamkata mtu hata ukucha. Unavyomkuta ndivyo unavyompeleka, mzima. Wangu mwenyewe nimekosa kumwosha. Leo nimempata kidogo, ndio uniambie tumkate?"

"Dada, si yeye. Ni mkanda."

"Basi kama si yeye, nimekuja kufanya nini hapa?"

Nje mtu alipita na baiskeli anapiga kengele. Wakangoja ipite.

"Na hiyo dawa kali," Mwamvita aliendelea, "ndiyo ile ya watu wa reli?"

"Ndiyo."

"Nimeziona zile picha kwenye kamba yako. Yule Msukuma wako kama amefukuliwa. Kuluthumu hakuwa hivyo. Hata mimba ilimkaa vizuri usoni, Twalibu mwenyewe alisema. Kwani ile nyingine huna, ile ya maharusi?"

"Ninayo."

"Mtie humo. Na maji yawe vuguvugu, kama ninavyofanya mimi."

"Maji ya vuguvugu hapana," alisema Getruda. "Utando wa mkanda utayeyuka kama uji. Hapo hutapata kitu, nakuapia."

"Haya. Maji nakuachia wewe. Yawe ya mtungi."

Na kwa kuwa mwenzake amekubali neno moja, Getruda aliona vigumu kumkatalia mawili yaliyobaki. Ndivyo mambo yalivyokwenda. Kama wanawake wawili wanaoelewana sokoni, huyu ameachia hapa, na yule aachie pale. Alifungua kabati. Chupa ya dawa kali ilikuwa mbele, tayari imechanganywa, ya kazi za asubuhi. Aliishika. Alijua. Sauti ya Ambrosi ilikuwa wazi masikioni mwake kama mtu aliye chumba cha pili. Lakini alifikiri pia, pengine si kila mkanda ni sawa. Pengine Mungu anayeona uchungu wa mama huyu hatashindwa na ukungu wa kisanduku. Nyuma yake Mwamvita alikuwa amesimama, mikono imekunjwa, kama alivyosimama wakati ule mlangoni akiwazuia watu wasimsumbue mjane.

Akairudisha chupa ya kali. Akachukua pakiti ya pole.

Aliichanganya kwa maji ya mtungi uliokaa kivulini, akakoroga kwa kijiti cha mwanzi hadi ikawa safi. Hakukata kipande. Wakaingia wote wawili chumba cha giza, Getruda akashusha blanketi, akawasha taa nyekundu. Mkanda ule ulikuwa wa aina ya zamani inayovumilia taa hiyo. Aliutoa kwenye kamera, akaubandua kwenye karatasi yake. Ulijikunja kwa ukavu, ukalia kama jani la mgomba.

"Simama hapo, dada. Usiguse kitu."

Akaushika ncha mbili, akaupitisha ndani ya bakuli, mkono huu ukipanda, mkono ule ukishuka, mkanda ukinywa dawa kwenda na kurudi. Akaanza tendo la kwanza la uchungu. Baba Yetu uliye mbinguni. Nyuma yake akasikia Mwamvita naye ameanza kwa sauti ya chini, Kiarabu cha msibani, neno likifuata neno. Chumba kilikuwa kidogo na cha joto. Sauti zao mbili zilikwenda pamoja bila kugongana.

Tendo la kwanza lilikwisha, mkanda ukiwa bado mweupe kama maziwa. Katikati ya la pili, madoa yakaanza.

"Kuna kitu," alinong'ona Mwamvita.

"Kipo. Hapa kila kitu kimegeuka. Penye mwanga panakuwa peusi, penye giza panakuwa peupe. Ile nyeusi ni ua wenye jua. Ile yenye mstari ni nguzo ya baraza."

"Na hii nyeupe katikati?"

Getruda aliinama. Kulikuwa na umbo, wembamba wa mabega, kisha mviringo mweupe juu yake. Uso, ukiwa umeketi kivulini mwa baraza. Ulikuwa hafifu sana, lakini ulikuwepo.

"Huyo ndiye."

Mwamvita aliacha kusali. Akasogea mpaka pumzi yake ikagusa shingo ya Getruda. "Namwona," alisema. "Ameinamisha kichwa. Alikuwa anafanya hivyo akiona haya."

Wakati huo Getruda angeweza kuutoa. Alifikiria. Lakini uso ulikuwa bado mwepesi mno, ungebaki maji tu. Ulitaka muda, na dawa pole muda ndiyo kazi yake. Akaendelea. Salamu Maria, umejaa neema. Katika tendo la tatu aliona kile alichokuwa anakiogopa. Penye weupe, palipotakiwa kubaki safi, paliingia kijivu. Hakikuja kwa mstari wala kwa doa. Kilikuja pote kwa mara moja, kama maziwa yanavyobadilika rangi chai ikimiminwa. Kikaenea kwenye kingo, kikaenea kati ya picha na picha, kikapanda kwenye mviringo mweupe.

"Mbona giza linaingia?" Mwamvita aliuliza.

Mdomo wa Getruda ulikwenda upesi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alikimbiza maneno ya sala. Mikono yake ilipanda na kushuka. Kijivu nacho kilipanda. Akauchomoa mkanda kabla tendo la tatu halijaisha, akautia kwenye maji, kisha kwenye dawa ya kugandisha ili picha isizidi kubadilika, akasimama hapo ameshika ukingo wa bakuli.

"Tayari?" Mwamvita aliuliza.

"Bado haujakauka. Nenda nyumbani, dada. Nitajaribu kwenye karatasi. Njoo kesho."

"Lakini yumo. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona," alisema Getruda.

Mwamvita alipokwisha kwenda, Getruda aliupeleka mkanda dirishani akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa wa rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Vitu vyenye jua vilionekana bado: kipande cha ua, ngazi ya baraza, kuku. Vya kivulini vilikuwa vimemezwa. Aliutazama picha baada ya picha. Katika moja alidhani ameona sikio.

Alasiri yote alifanya kazi. Alitumia karatasi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, zile ambazo Ambrosi alizihifadhi kwa picha zilizoshindikana. Aliziba mwanga huku kwa kiganja, akauacha pale. Karatasi baada ya karatasi ilitoka kama ukuta wa moshi. Akapiga magoti mara moja, hapo hapo kwenye sakafu yenye majimaji, wala hakuomba muujiza, aliomba tu mikono isitetemeke. Jua lilipoanza kuzama, picha moja ilikubali kidogo, tena nusu ya chini tu. Hiyo akaisafisha, akaikausha baina ya vitambaa.

Kesho yake alitoka misa ya asubuhi, akamkuta Mwamvita tayari amekaa kwenye ngazi ya nyuma, amevaa khanga safi, amejipaka hina vidoleni kama mtu anayekwenda kupokea mgeni stesheni.

"Habari za kuamka, dada."

"Njema. Yuko wapi?"

Waliingia. Getruda alimpa kiti, akafungua bahasha, akaweka picha mbele yake juu ya meza. Alikuwa ameandaa maneno njiani, tangu kanisani mpaka nyumbani, lakini sasa hakuona la kuanzia. Akaacha picha iseme.

Juu ilikuwa ukungu mtupu. Chini, mahali jua lilipofika, palikuwa na ngazi ya udongo, pindo la kanzu ya mwanamke, na miguu miwili isiyo na viatu, imewekwa mmoja juu ya mwenzake.

Mwamvita aliinama. Akagusa kidole gumba cha mguu wa kushoto kwenye karatasi.

"Hapa alijikata na jembe," alisema. "Alikuwa mdogo. Alilia, nikamwambia anyamaze, nilikuwa na wageni."

"Ndiyo, dada."

"Miguu yake ndiyo hii. Hata akikaa, alipenda kuipandanisha hivi." Kidole chake kikapanda kwenye ukungu. "Uso uko wapi?"

"Alikuwa amekaa kivulini. Twalibu hakumtoa juani. Ukungu ulikula vivuli vyote. Nimejaribu picha zote, dada, na karatasi zimekwisha. Hii ndiyo iliyobaki."

"Jana nilimwona."

"Alikuwepo kidogo. Kisha akafunikwa."

Mwamvita aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakulia. Getruda alikuwa amejitayarisha kwa kilio, alikuwa ameweka hata maji ya chai jikoni. Mwanamke yule aliketi wima, mikono yake miwili yenye hina imelala kando ya picha bila kuigusa. Macho yake yalikwenda kwenye kabati. Mlango wake ulikuwa wazi, na chupa ilikuwa mbele, pale ilipokuwa jana.

"Mama Damas."

"Naam, dada."

"Ile nyingine. Ile kali. Ingemtoa?"

Getruda alijua neno ambalo jirani mwema angelisema. Lilikuwa tayari ulimini: hapana, dada, mkanda ulikuwa umekufa zamani, hakuna dawa duniani ambayo ingeufaa. Neno hilo lingetosha. Wangelia wote wawili, wangekunywa chai, na ua wa mabua ungebaki kama ulivyokuwa. Hakuna mtu Tabora nzima ambaye angeweza kumwambia Mwamvita vinginevyo. Ambrosi peke yake angeweza.

Lakini huruma yake alikuwa ameitumia jana, na matunda yake yalikuwa hapo mezani. Akashika ukingo wa kiti.

"Huenda ingemtoa," alisema. "Si kwa uzuri. Angetoka na chembechembe, kama wale wa reli. Lakini huenda ingemtoa, na uso wake ungeujua."

"Nawe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nilikwambia, kisha nikakusikiliza."

Mwamvita aliitazama ile miguu tena. Akaichukua picha kwa ncha za vidole, akaulizia mkanda kwa kunyoosha mkono tu, na Getruda akaenda akauleta, umeviringishwa ndani ya karatasi. Mwamvita akavifunga vyote viwili kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno. Akasimama. Mlangoni aliinama kuvaa makubazi yake, la kwanza, la pili, akashika mwimo wa mlango kama mtu mwenye maumivu ya kiuno.

"Dada," Getruda alisema. "Dada Mwamvita."

Mwamvita akajitanda khanga kichwani, akatoka.